Dakika Nne za Songbaek

Jenerali mstaafu Maeng alikuwa amemwigiza adui kwa miaka sita mfululizo, na katika miaka yote sita adui alisalimu amri saa kumi kasoro robo, ili watu wawahi nyama ya kuchoma. Hivyo ndivyo vita vya nyuklia vilivyopiganwa katika Taasisi ya Utulivu wa Rasi, ghorofa ya tisa, mjini Seoul: kwa ratiba, kwa kahawa ya pakiti, na chini ya bango la kitambaa lililotundikwa tangu asubuhi kutangaza kwamba zoezi limefana. Kijitabu cha matokeo nacho kilikuwa kimeshachapwa. Kilieleza kwamba taifa dogo korofi, lenye mabomu machache na kiburi kingi, huzuilika kabisa mradi litishwe kwa lugha linayoielewa. Nakala mia tatu zilikuwa kwenye maboksi chini ya meza ya chai.

Pang Sun-hwa alizipitia zile nakala kwa jicho moja, akanywa kahawa yake. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Kwenye kadi yake ya kazi aliandikwa mshauri wa masuala ya Kaskazini, lakini kazi yake hasa ilikuwa kukaa safu ya pili, ili mgeni wa wizarani akiuliza, "Mna mtu wa kule?" mkurugenzi apate wa kumnyooshea kidole. Alikuwa mtu wa kule kweli. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya chama ya mkoa, akichapa barua za wakubwa, hata akajua namna wanavyoandika wakiogopa na namna wanavyoandika wakidanganya. Kisha akavuka mto wa mpakani, akatoroka. Tangu afike Kusini, miaka tisa sasa, wataalamu wa taasisi walikuwa wamemuuliza kuhusu barua zile mara mbili, na kuhusu chakula cha kule mara mia.

Aliwadharau, na wala hakujificha sana. Moyoni aliwaita madebe, kwa kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Ila mshahara wao haukuwa mtupu, kwa hiyo alikaa.

Jambo moja hakuwaambia. Mama yake alikuwa hai. Alikuwa na miaka sabini na minne, akiishi Songbaek, mji mdogo wa milimani kule Kaskazini, nyuma ya kiwanda cha soksi. Siku Sun-hwa alipohojiwa na maofisa wa Kusini, alisema mama amekufa, akatia sahihi na dole gumba. Kule nyumbani mama naye aliwaambia maofisa wa kwake kwamba binti alizama mtoni, akalia mbele yao hadi wakachoka. Ndugu wa waliotoroka kule hawaachwi salama. Mama kamfisha binti, binti kamfisha mama, na kwa vifo hivyo viwili wote wawili wakaendelea kuishi.

Na Songbaek ilikuwa kwenye orodha. Orodha yenyewe ilikuwa ya mahali kumi na mbili ambapo Kusini ingetishia kupageuza majivu iwapo Kaskazini ingethubutu kutumia bomu. Songbaek, kwa sababu ya karakana moja ya vipuri, ilikuwa ya tisa. Mara ya kwanza Sun-hwa kuiona aliisoma orodha nzima mara tatu. Baadaye alizoea, maana katika miaka yote sita ya Jenerali Maeng zoezi halikupita mahali pa tatu.

Halikupita kwa sababu ya adabu. Maeng alikuwa amefundisha chuo cha jeshi, na makanali wote waliocheza upande wa Kusini walikuwa wanafunzi wake, au wanafunzi wa wanafunzi wake. Mwanafunzi hamwaibishi mwalimu mbele za watu, na mwalimu hawatii aibu vijana wake. Basi adui wa Maeng alikuwa muungwana. Akitishiwa daraja, alikohoa. Akitishiwa bandari, aliomba dakika kumi za kutafakari. Akitishiwa kiwanja cha ndege, alirudi kwenye mazungumzo, watu wakapiga makofi na mtu akaenda kuangalia kama mabasi ya mgahawani yamefika.

Mwaka huo Jenerali alikuwa amepandikizwa meno mawili jana yake. Alikuja na shavu limefura, akizungumza kwa upande mmoja wa mdomo. Kuigiza hakuwezi, lakini kukosa nyama ya bure pia hakuwezi. Wakamweka upande wa Kusini, kiti cha mbele, kama mgeni wa heshima.

"Bi Pang, hebu tuokoe," Dakta Cheon, mkurugenzi, alimwendea Sun-hwa mbio mbio. Alikuwa mtu wa tai nzuri na maneno mengi. "Leo wewe utakaa kiti cha Jenerali."

"Cha adui?"

"Eeh. Wala usihangaike, majibu yote yameandikwa. Wewe unasoma tu."

Akampa karatasi tatu. Sun-hwa akazisoma papo hapo, amesimama.

"Hapa wameandika, 'kiongozi anaingiwa na huruma kwa wananchi wake.'"

"Ndiyo. Kwani vipi?"

"Nani kaandika?"

"Mimi."

"Mkurugenzi, na huruma yenyewe umeipangia saa tisa na nusu."

"Si lazima iwe na nusu kamili," alisema Dakta Cheon, na hakuwa anatania.

Kutoka upande wa pili wa chumba Jenerali Maeng akapaza sauti, na shavu lake. "We mama, soma tu hivyo hivyo! Hao wa kwenu tunawajua. Ukiwaonyesha fimbo tu, mkia chini ya tumbo!"

Makanali wakacheka, kwa kuwa mwalimu ametania. Hapo ndipo Jenerali alipoharibu mambo. Si kwamba Sun-hwa aliwapenda wakubwa wa kule. Aliwachukia chuki ambayo Jenerali asingeiweza hata angefundishwa mwaka mzima. Lakini alikuwa ameogopa watu wale kwa miaka thelathini na saba, na sasa mzee mwenye meno mapya anamwambia kwamba aliogopa mbwa koko. Alizikunja zile karatasi tatu mara nne, akazitia mkobani.

"Sawa, Jenerali," alisema. "Leteni hiyo fimbo."

Chumba cha adui kilikuwa kidogo, chenye meza, kompyuta na sahani ya kimbap, wali uliosokotwa ndani ya mwani. Aliyekuwamo mwingine ni Dakta Seok Hye-rin tu, mwanasaikolojia aliyeajiriwa mwaka ule ule, mwanamke mpole wa miaka hamsini hivi. Alikuwa na saa ya kupimia sekunde na kamera ndogo, na alielekea kuiamini ile saa kuliko alivyowaamini watu.

"Usinijali, dada," alimwambia Sun-hwa. "Mimi napima tu unachukua muda gani kujibu. Mdomo hudanganya, muda haudanganyi."

"Na mtu akiwa anatafuna?"

"Hilo nalo linaonekana kwenye kamera."

Hadithi ya zoezi ilikuwa hivi. Kaskazini imezamisha meli ya doria ya Kusini, na imetangaza kwamba ikilipiziwa kisasi itadondosha bomu moja la nyuklia kwenye bandari kubwa ya Kusini. Kazi ya Kusini ni kuitia hofu Kaskazini mpaka iufute usemi wake. Ujumbe wa kwanza ukaingia kwenye kompyuta, umeandikwa na Kanali Tak, kiongozi wa upande ule, mtu mwenye sentensi nzuri kuliko maamuzi. Ulisema kwamba mkitumia bomu, makao makuu ya chama chenu yatateketezwa.

Sun-hwa akaandika: "Makao hayo yanavuja mvua. Pigeni."

"Sekunde kumi na tisa," alinong'ona Dakta Seok, akaandika.

Ujumbe wa pili ukatishia daraja kuu na kituo chake cha treni, pamoja na maelezo marefu kuhusu wananchi watakaokufa. Sun-hwa akajibu: "Mnatishia kuua mateka wangu. Tangu lini mtekaji akaogopeshwa kwa kifo cha mateka? Pigeni, nipate picha za kuonyesha dunia."

Sekunde ishirini na mbili. Chumba cha pili kikasikika kikinguruma. Ujumbe wa tatu ulipokuja ulikuwa na alama tatu za mshangao, ikajulikana kwamba Jenerali ameanza kuongoza kalamu. Akajibiwa pigeni. Wa nne, pigeni, na salamu kwa meno. Wa tano na wa sita Sun-hwa alijibu huku akimega kimbap, na raha aliyoisikia hakuwa ameisikia tangu avuke mto. Aliwaona kichwani, wanaume tisa wenye nishani, wanafungua kabati la vitisho na kukuta rafu tupu. Walikuwa wamejenga elimu nzima juu ya swali la namna ya kumtia hofu mtu, na hawajajiuliza hata siku moja mtu huyo anapenda nini. Waliorodhesha wanavyovipenda wao, madaraja na stesheni, wakamtishia navyo.

Alikuwa amenogewa mno, hata hakuhesabu. Ujumbe wa tisa ukafika.

"Songbaek. Ndani ya saa moja hapatabaki ukuta uliosimama."

Alitaka kuandika pigeni. Lilikuwa neno moja, na alikuwa ameshaliandika mara nane. Vidole vikakataa. Saa zile, mwezi ule, mama angekuwa uani anaanika majani ya figili, na nyuma yake mashine za soksi zingekuwa zinapiga kelele ile aliyolala nayo utoto wote. Ni karatasi tu, alijiambia. Ni mchezo wa madebe. Aliuangalia mkono wake juu ya meza, akauona unatetemeka, akauondoa akauweka mapajani. Dakta Seok aliikazia macho saa yake. Hatimaye Sun-hwa akaurudisha mkono na kuandika, "Pigeni," kisha akabonyeza haraka kabla hajaghairi.

Ujumbe wa kumi, wa kumi na moja na wa kumi na mbili aliujibu bila kuusoma vizuri. Kusini ikaishiwa. Sasa ilibidi ama ipige kweli na kupoteza bandari yake, ama imeze kiburi chake. Kanali Tak alimtazama Jenerali, Jenerali akatazama dari, na Kanali akaomba mapumziko ya chai. Ilikuwa saa nane na dakika kumi. Kwa mara ya kwanza katika historia ya taasisi, taifa dogo korofi lilikuwa limeshinda.

Waliitana ofisini kwa mkurugenzi, wanne tu: Dakta Cheon, Jenerali Maeng, Dakta Seok na Sun-hwa. Dakta Cheon hata kukaa hakukaa.

"Umeniua, Bi Pang! Umenizika kabisa! Kesho wizara inakuja kuchukua kijitabu!"

"Waambie lililotokea."

"Lililotokea ndiyo nini? Kwamba haiwezekani kuwazuia?"

"Inawezekana. Ila ninyi hamjui kitu gani kinamuuma yule bwana mkubwa wa kule. Mnamtishia kwa vinavyowauma ninyi."

"Haya, kinachomuuma ni nini?"

"Miaka tisa niko hapa," alisema Sun-hwa. "Leo ndiyo mara ya kwanza kuniuliza."

Angewaambia. Kweli alikuwa tayari kuwaambia, maana hata dharau huchoka. Lakini Dakta Seok alikohoa kidogo na kuweka karatasi mezani.

"Samahani, Mkurugenzi. Nadhani tayari tunajua." Alionyesha kwa ncha ya kalamu. "Majibu yote kumi na mawili ni pigeni. Lakini tazama muda. Sekunde kumi na tisa, ishirini na mbili, kumi na saba. Halafu hapa, mahali pa tisa, dakika nne na sekunde kumi na moja."

Dakta Cheon akaishika ile karatasi kwa mikono miwili.

"Songbaek," alisema taratibu.

"Nilijua!" Jenerali akapiga goti lake. "Songbaek mimi siku zote nimeishuku! Karakana ya vipuri, thubutu! Kuna handaki pale. Kuna jumba la kiongozi wao chini ya mlima!"

"Mtu aliyelelewa kwao," aliendelea Dakta Seok kwa upole wake, "hubeba hofu ya wakubwa wao bila kujua. Mdomo ulicheza, lakini mwili ukasema."

"Basi kijitabu hakichapwi upya!" Rangi ilimrudia Dakta Cheon usoni. "Tunaongeza ukurasa mmoja. Songbaek inakuwa ya kwanza. Tunaishauri wizara iyaelekeze makombora kule moja kwa moja, yakae hivyo usiku na mchana, na itangazwe kwa vipaza sauti mpakani ili wasikie. Bi Pang, nisamehe nilivyofoka. Wewe ni hazina!"

Mdomo umeniponza, aliwaza Sun-hwa. Kama angezisoma zile karatasi tatu za kijinga, sasa hivi watu wangekuwa wanageuza nyama kwenye moto, na Songbaek ingebaki ya tisa kwenye faili.

"Nilikuwa natafuna," alisema.

"Dada," Dakta Seok alitikisa kichwa, "kamera inaonyesha ulikuwa hutafuni. Mkono ulikuwa unatetemeka."

Jenerali akacheka kwa upande wake mmoja. "Kimbap ya dakika nne! Ilikuwa na mfupa?"

Aliwatazama wote watatu. Akaona hakuna pengine pa kupita.

"Mama yangu yuko Songbaek," alisema. "Yuko hai. Hakuna handaki wala jumba. Kuna kiwanda cha soksi, na nyuma yake kuna nyumba, na ndani yake kuna mama yangu. Basi. Hizo ndizo dakika zenu nne."

Alitegemea chochote, hata kufukuzwa. Hakutegemea kuhurumiwa. Dakta Cheon alifungua kabati, akatoa faili lake la ajira, akalipekua na kuligeuza kuelekea kwake. Lilikuwa lile tamko la mahojiano, na chini yake dole gumba jekundu.

"Mama amefariki. Umeandika mwenyewe, Bi Pang."

"Nilidanganya. Nilikuwa namkinga."

"Nakuelewa. Watu wa mji wako unawaonea uchungu, ni ubinadamu. Lakini usitubunie mama."

"Sijambuni! Nimezungumza naye mwezi wa tano, kwa simu ya magendo!"

"Haya, mpigie," alisema Jenerali, akaisukuma simu ya mezani mbele yake. "Mpigie sasa hivi tumsikie bibi. Na mimi nitamsalimia."

Sun-hwa aliiangalia ile simu. Mama alikuwa akipanda mlimani mara mbili kwa mwaka, siku waliyopatana, na kuwasha simu kwa dakika tatu, si zaidi, kwa sababu dakika ya tano wasikilizaji wa serikali hujua ulipo. Leo haikuwa siku yao. Hata kama ingeshika, simu ingelia ndani ya nyumba, ukutani kwa jirani ambaye ndiye mjumbe wa mtaa. Kuwathibitishia watu hawa kwamba mama yuko hai kungekuwa ndiyo kumuua.

Hakuigusa.

"Unaona?" Jenerali akamwambia mkurugenzi. "Hana. Wanafundishwa hivyo, kumlilia mama mtu akiikaribia siri. Ndiyo maana nasema handaki lipo."

Ilikuwa ajabu. Visingizio vyake walivicheka, ukweli wake wakauwekea faili. Sun-hwa aliisikia dharau ikimpanda upya, lakini safari hii ilikuja na akili yake. Watu hawa hawakutaka ukweli. Walitaka siri. Na yeye alikuwa amechapa siri miaka kumi na miwili. Alijua barua gani wakubwa huiamini: haina sifa wala viapo, ina tarakimu moja isiyo kamili na lalamiko moja dogo la kipuuzi.

Akainamisha kichwa. Akawaacha wangoje.

"Haya," alisema kwa sauti ya chini. "Mmenikamata."

Wote watatu wakasogea.

"Songbaek yenyewe haina kitu. Lakini ndiyo njia ya kupitia. Nilipoliona jina nilidhani mmegundua Bonde la Pamgol."

"Pamgol!" alisema Jenerali, kwa sauti ya mtu aliyelijua siku zote.

"Kilomita sitini kutoka Songbaek. Barabara haina kibao. Nilichapa mimi mwenyewe maombi ya vipande mia nne na kumi na sita vya marumaru ya kigeni. Na nikachapa barua ya lalamiko, kwamba lifti inakwama."

"Lifti," alirudia Dakta Cheon.

"Ilikwama mara mbili wiki moja. Mkuu wa walinzi aliandika kwa hasira sana."

"Lifti maana yake ni chini!" Jenerali alisimama, shavu na yote. "Huwezi kuwa na lifti bondeni ila iwe inateremka! Si nimesema handaki? Si nimesema?"

Dakta Seok aliitazama saa yake. Sun-hwa alikuwa amejibu kila neno lao chini ya sekunde tano, na macho hayakutetereka. "Huu ndio ukweli," alisema Dakta Seok.

"Na Songbaek muifute kabisa," Sun-hwa aliongeza. "Mkiitaja tu, watajua kuna aliyewaambia, na watahamisha kila kitu. Isionekane popote."

Dakta Cheon akachukua kalamu nyekundu, akaikata Songbaek mbele ya macho yake, mstari mmoja ulionyooka. Juu kabisa, namba moja, akaandika Pamgol. Makombora yangeelekezwa huko, usiku na mchana, na vipaza sauti vingetangaza. Akamshika Sun-hwa mkono kwa mikono yote miwili, kisha wakaenda kula nyama, saa kumi kasoro robo kama kawaida.

Sun-hwa alisingizia kichwa kinamuuma, akapanda treni ya chini ya ardhi kurudi nyumbani. Alipata kiti. Vituo viwili vya mwanzo alikuwa akicheka peke yake, kiganja mdomoni, hata mzee wa pembeni akasogea kidogo. Lifti! Ulinzi wa nchi nzima, makombora ya thamani ile, wanazuoni waliosoma ng'ambo, wote wamening'inia kwenye lifti iliyokwama ya mpiga chapa. Wangemtishia yule bwana kwa bonde ambalo hana habari nalo, naye angekuna kichwa. Madebe, aliwaza. Madebe matupu, hata mfuniko hayana. Na mama anaanika figili zake.

Kituo cha tatu alijiuliza jina la Pamgol alilitoa wapi.

Hakulibuni. Uongo wa haraka huchukua kilicho karibu, na Pamgol ilikuwapo. Mwaka wa sensa alikuwa amepelekwa huko na taipureta yake kwenye lori, kuandikisha watu. Walikuwa wafuga nyuki, nyumba kumi na moja. Aliyachapa majina yao yote katika siku moja ya mvua, na kila nyumba ikaacha kazi ili kumsubiri. Nyumba ya mwisho alikuwamo mama mmoja wa makamo, jina lake Hyon Kum-nyo, mwenye watoto watano na mkwe kipofu. Mama huyo aliona vidole vya Sun-hwa vimekufa ganzi kwa baridi, akamfunika kwa shuka lake mwenyewe akampa asali ya moto kwenye bakuli. Akamwambia, "Andika pole pole, mwanangu, hatuendi popote."

Sun-hwa aliacha kucheka. Alipitisha ofisi ile kichwani, neno kwa neno. Jenerali alishangilia handaki. Dakta Cheon alirudia neno lifti. Dakta Seok alitazama saa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama kuna watu wanaoishi Pamgol, na angepata hamu ya kuwadharau kwa hilo, kama yeye mwenyewe angekuwa amejiuliza. Mkuki kwa nguruwe. Alikuwa amekaa pale na akili yake yote, na mkono wake safari hii haukutetemeka hata kidogo.

Kituo cha nne aliteremka. Upande wa pili wa jukwaa treni ya kurudi mjini ilikuwa inaingia. Dakika ishirini tu angekuwa mgahawani, wangali mezani, na angewaambia Pamgol hakuna kitu ila mizinga ya nyuki. Nao wangeweka vijiti chini na kumuuliza, kwa heshima zote sasa: sawa, Bi Pang, kama si Pamgol, ni wapi? Maana ukurasa upo, na wizara inakuja kesho, na namba moja haiwezi kubaki wazi. Na kalamu nyekundu ingeirudia Songbaek iliyofutwa.

Alivuka, na milango ya treni ya mjini ikafunguka mbele yake. Watu wakatoka, watu wakaingia. Alijaribu kuyakumbuka majina ya zile nyumba kumi na moja, akapata saba. Milango ikafungwa. Akavuka tena jukwaa, akangoja treni ya kwenda nyumbani.